Anza na ile katuni ya The Hobbit ya 1977, dada

Dada umeuliza mtoto wako wa miaka 7 aanze na ipi, katuni ya zamani ya The Hobbit au zile muvi tatu za Peter Jackson. Mimi nakwambia anza na katuni, tena usisite. Ile ilitengenezwa na kampuni ya Rankin/Bass kwa ajili ya TV ya Marekani, ila wachoraji walikuwa Japani, studio inaitwa Topcraft, na baadhi yao baadae ndo wakaenda kufanya kazi Studio Ghibli, ile studio maarufu ya katuni ya Japani, kwa hiyo ile misitu na milima imechorwa vizuri mno, rangi zimetulia. Halafu ni kama saa moja na robo tu, zile tatu ukizijumlisha ni karibu masaa nane, mtoto utamkalishaje?

Cha kuangalia ni Gollum, yule kiumbe wa pangoni. Humu kachorwa kama chura mkubwa wa gizani, macho makubwa, anatisha, so pale kaa nae. Wakianza kutegana vitendawili na Bilbo, yule shujaa wa hadithi, simamisha kwanza, mwache mtoto ategue mwenyewe kabla Bilbo hajajibu, wangu walipapenda hapo kuliko hata dragoni.

Vimekatwa vitu, Beorn, yule mtu anayegeuka dubu, hayupo kabisa, ila maneno ya nyimbo nyingi yametoka kwenye kitabu chenyewe cha Tolkien cha 1937. Akinogewa msomee kitabu, sura moja kila usiku. Zile muvi ziache kwanza mpaka akue, mle watu wanakatwa vichwa.