Ungeniambia Jana Nisingeloweka Maharagwe

Juzi dada mmoja aliniandikia inbox, amepata kazi ya afisa uhusiano kwa mradi wa barabara hapa Nairobi, anaanza Jumatatu na anauliza aanzie wapi. Nikamtumia sauti ya dakika kumi na moja WhatsApp, halafu nikaona heri niandike hapa maana najua wengi wenu mnazitafuta hizi kazi, na mimi hakuna mtu alinifunza.

Nilifanya hiyo kazi miezi kumi na minne, mtaa mmoja wa Eastlands, siutaji jina kwa sababu kuna watu huko bado tunadaiana. Barabara ilikuwa inachimbuliwa yote, mitaro mipya, kabro za waenda kwa miguu, taa, lami. Nilifika na digrii yangu na brosha elfu mbili za rangi, Kiingereza safi, picha ya barabara ikiwa imemalizika na miti ambayo mpaka leo haijapandwa. Wiki ya pili nikakuta muuza njugu anafungia njugu nazo. Nilijiambia sijakasirika. Nilikasirika.

Sasa kuna Jumatatu moja huko saiti. Tulifunga upande wa steji saa kumi na moja alfajiri, matatu zote zikahamishiwa barabara ya nyuma. Notisi ilikuwepo, mimi mwenyewe niliibandika, kwa geti la saiti ambalo wanaingia wafanyakazi wetu tu. Saa nne hivi mama anayeuza githeri pale kando ya steji akaniita. Makanga wake wote wameenda na matatu, benchi liko tupu, vumbi linaangukia vikombe. Hakupiga kelele. Alifunua sufuria, ile kubwa ya kushika na watu wawili, imejaa mpaka juu, akanitazama akasema, "Kijana, ungeniambia jana jioni nisingeloweka maharagwe."

Basi, hivyo tu. Nilinunua sahani tatu nikapea walinzi, kwa aibu.

Dadangu, hiyo sentensi ndiyo kazi yote. Mtu wa Nairobi anajua vumbi na jam, alipitia Mombasa Road wakati Expressway inajengwa, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, akalala kwa matatu akaamka yuko palepale. Atavumilia. Lakini mwambie jana jioni, kwa mdomo, pale anapouzia, kabla hajaenda sokoni.

Kosa la pili lilikuwa grupu ya WhatsApp. Watu wakianza kutusi nikaifunga, maadmin peke yao ndio wanaandika, nikajiona mjanja. Kumbe walifungua yao bila mimi. Niliyajua kwa kinyozi, nimekaa nanyolewa nasikia jamaa wa kiti cha pili anasema tingatinga zinakuja Ijumaa usiku kubomoa vibanda. Hakuna kitu kama hicho kilikuwa kwa programu yetu! Lakini utamlaumu nani, hii ni Nairobi, watu wameshaamka wakakuta vibanda vimelala chini. Nikatoka na kichwa nusu, nusu kabisa, nikapita kibanda kwa kibanda mpaka saa mbili usiku, na wengine bado walihamisha mali yao.

Na mabango. Tuliandika USIPITE juu ya zege la mitaro, landilodi mmoja akapita na pikapu siku ya nne, vifuniko viwili vikapasuka. Nilipomwendea akasema, lakini lilikuwa limekauka! Kweli kwa macho limekauka. Hakuna mtu alimwambia zege huchukua kama siku 28 kufikia nguvu yake. Tangu hapo kila bango langu liliandikwa sababu, Kiswahili, herufi kubwa, na sikupata pikapu nyingine.

Tarehe ndiyo bado inaniuma. Niliambiwa na wakubwa niseme lami itawekwa mwisho wa Aprili, nami nikasimama kwa baraza la chifu nikasema, mimi niliyezaliwa Nairobi na ninajua mvua ya masika ni Machi mpaka Mei. Aprili ikaisha tuna madimbwi. Walioitunga ile tarehe wako ofisini na chai yao, anayeitwa mwongo steji ni mimi. Siku hizi nasema hivi, kama huiamini tarehe usiitoe, na kama umeitoa ikapita, nenda mwenyewe ukaseme imepita, usingoje uulizwe. Watu wanajua kusamehe jamani, msiwaogope.

Halafu msifiche karatasi. Kijana mmoja wa chuo alileta barua anataka kujua gharama ya mradi na siku ya kumaliza, ametaja kifungu cha 35 cha Katiba na ile sheria ya kupata habari ya 2016 ambayo inakupa siku 21 kumjibu. Nikaambiwa iweke kwa droo. Nilimjibu siku ya tatu. Gharama yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa bango la mradi, ila bango lilikuwa limefunikwa na rundo la kokoto! Nilifokewa mbele ya watu, na mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Siku ya kufungua barabara sikualikwa, niliona picha kwa simu. Sawa tu. Pesa ni ya wananchi, na wewe ukiajiriwa kuwaeleza halafu unawaficha, unakula mshahara wa nini?

Ile wiki ya lami, hatimaye Julai, nilipita kwa yule mama saa kumi na moja jioni nikamwambia kesho hakuna njia hapa mpaka Alhamisi. Akauliza una hakika, nikasema nina hakika. Akamwaga maharagwe kutoka kwa karai akayarudisha kwa gunia, makavu, akaniambia kaa kuna chai.

Dadangu, nunua gamubuti zako mwenyewe, za saiti huwa kubwa. Na lile swali la mshahara nipigie, hilo siandiki hapa.