Anga Pana Vile, Ndege Zinagonganaje?

SWALI: Kapteni, shikamoo. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Moshi. Aprili 2024 helikopta mbili za jeshi la majini la Malaysia ziligongana zikifanya mazoezi ya gwaride, wakafa watu 10. Januari 2025, helikopta ya jeshi la Marekani iliyokuwa mazoezini ikagongana na ndege ya abiria Washington, wakafa 67. Anga lote lile, rada zote zile! Hakuna kifaa cha kumpigia rubani kelele?

JIBU: Marahaba, fundi. Kifaa kipo, na Washington kililia. Kama sekunde 20 kabla ya kugongana, marubani wa ndege ya abiria walisikia onyo kwamba kuna ndege jirani. Kwa kawaida onyo likipita bila hatari kuondoka, kifaa humwamuru rubani apande au ashuke. Lakini chini ya futi 1,000 hivi amri hiyo hujifunga yenyewe, maana huwezi kumwambia mtu ashuke na ardhi iko hapo hapo. Wao waligongana karibu futi 300, mahali ambapo helikopta haikutakiwa kuzidi futi 200.

Wanajeshi wakiwa peke yao, mambo ni mengine. Kifaa kile kimetengenezwa kwa ndege zinazokwepana. Wao wanaruka bawa kwa bawa kwa makusudi, kingelia tangu wanapaa hadi wanatua. Kwa hiyo wanabaki na macho na kanuni. Kiongozi anaangalia njia, wa pembeni anamkodolea kiongozi. Akimpoteza kwenye wingu, anatamka redioni palepale kwamba hamwoni, kisha anajitenga. Kwenye mapigano ya mazoezi, Wamarekani kwa mfano huwekeana mpaka wa futi 500, kama meta 150, kuizunguka kila ndege. Ukivunjwa, yeyote anaamuru zoezi lisimame, hata awe mdogo kuliko wote kwa cheo.

Tatizo ni macho yenyewe. Ndege mbili zikielekeana, kila moja kwa kilometa 740 kwa saa, zinakaribiana zaidi ya meta 400 kila sekunde. Ukimwona mwenzako akiwa kilometa 2, hata sekunde 5 huna. Na hesabu ya zamani tunayofundishwa marubani inasema tangu jicho lione kitu hadi ndege ianze kupinda, zinakwenda sekunde 12 na nusu. Kwa hiyo ungepaswa kumwona akiwa kilometa 5, na kwa umbali huo ndege ya kivita inayokujia kwa pua ni nukta tu.

Halafu kuna jambo ambalo nyie wa barabarani mnalijua bila kulipa jina. Ukiwa barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, gari linatokea njia ya pembeni. Likiteleza kurudi nyuma kwenye kioo chako, umelipita. Likiteleza mbele, litakupita. Likiganda palepale kama kinyesi cha nzi huku likizidi kuwa kubwa, mnakutana. Angani ni hivyo hivyo, na jicho la binadamu limeumbwa kushtuka kwa kinachosogea. Ndege itakayokugonga haisogei. Tena inaweza kuganda nyuma ya nguzo ya kioo, usiione kabisa.

Ndiyo maana wanafunzi wangu nawasumbua wacheze na shingo, hadi wananiona mzee mkorofi. Siku moja tulikuwa tunarudi uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, kutoka upande wa Manyara, Meru imejifunika wingu hadi kiunoni. Nikamwuliza kijana kushoto kukoje. Akajibu kweupe, na kwa kweli alikuwa ametazama. Nikamwambia ainame mbele kidogo. Nyuma ya nguzo ya kioo palikuwa na ndege nzima aina ya Caravan, imetulia kama picha ukutani. Nilishika usukani mimi, tukapinda kulia.