Aminofilini na damu ya kichwani
Hapana kaka, unauliza kama aminofilini, ile dawa ya pumu, inatanua njia za hewa kwenye mapafu si itanue na mishipa ya ubongo pia, kumbe ni kinyume kabisa. Ile dawa inaziba vipokezi vya adenosini, yaani sehemu za seli inaposhikia hiyo kemikali ya mwilini, na adenosini ndo inatanuaga mishipa ya kichwani, sasa ikizibiwa njia mishipa inabana na damu inayopanda inapungua, hii walishaipima kwa watu tangu 1950. Halafu inakufanya uheme zaidi, kabonidayoksaidi kwenye damu inashuka, mishipa inazidi kubana. Ni ndugu yake kafeini, we si unajua mnywa kahawa akiikosa asubuhi kichwa kinavyogonga? Mishipa imeachia hiyo. Salbutamoli ya kupuliza, dawa nyingine ya pumu, ni habari nyingine, haipiti njia hii.