Mlangoni kina kifupi, ndani shimo: kulikoni?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi baharia wa Tanga, niko meli ya watalii. Juzi tuliingia Sognefjord, hori refu la bahari linaloingia bara huko Norwe. Mlangoni kipimakina kilisoma mita mia na ushei. Ndani kikapita elfu. Nimezoea bahari iongezeke kina ukitoka nje, si ukiingia bara. Kifaa kimeharibika?

JIBU: Marahaba. Kifaa ni kizima. Hori hilo lina kina cha mita 1,308 pale panapozama zaidi, na aliyelichimba ni barafu: mto mnene wa barafu wa zamani, ulioteleza polepole kutoka milimani kwenda baharini.

Mto wa maji usingeweza. Ukifika usawa wa bahari nguvu zinauishia, unabaki kumwaga mchanga. Barafu haijali usawa huo. Ikielea, sehemu tisa kati ya kumi huwa ndani ya maji, kwa hiyo barafu nene ya mita 1,500 haiinuki mpaka ipate maji ya kina cha mita 1,350 hivi. Kabla ya hapo imelalia mwamba. Chini yake pana utando wa maji, inateleza, na mawe yaliyogandamana nayo yanasugua sakafu kama msasa. Tena inang'oa: maji yakiganda kwenye nyufa, barafu ikisogea huondoka na pande la jiwe.

Sasa mlangoni. Kule ndani barafu ilibanwa na milima, na mito mingine ya barafu ikaingia kutoka mabonde ya pembeni, ikawa nene na yenye kasi. Ilipotoka kwenye kuta ilitandaa kama uji uliomwagwa kwenye sinia. Ikawa nyembamba, haichimbi tena kwa nguvu. Mwamba ulionusurika hapo tunauita kizingiti, na ndio uliousoma wewe. (Ukipanda Mlima Kenya, litazame Bonde la Teleki: fundi ni yuleyule, ila bahari haikuingia.)

Hukuuliza kuhusu kuta, lakini mabaharia wazijue. Barafu ilipoyeyuka ziliachwa wima bila kiegemeo. Huko Tafjord, kaskazini ya mlikopita, tarehe 7 Aprili 1934 ubavu wa mlima uliporomokea majini. Wimbi likapanda hadi mita 62, watu 40 wakafa. Leo mlima wa Åkerneset, wa eneo hilohilo, ambao una ufa unaopanuka, umefungwa vipimo vinavyousoma usiku na mchana.