Redio mpya kwenye Fielder: je, ni lazima waya zikatwe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Fielder iliyotoka Japani. Redio yake inashika stesheni chache tu za hapa Nairobi na maandishi yote ni ya Kijapani. Nimenunua redio ya skrini pale Luthuli, lakini kijana wa kuifunga anasema ni lazima akate soketi za gari, kisha aunganishe waya rangi kwa rangi. Gari hili nitaliuza siku moja. Nimkubalie? – Mwalimu, Kasarani

JIBU: Mwalimu, usimkubalie. Hakuna haja ya kukata hata waya mmoja wa gari lako, na hiyo ya "rangi kwa rangi" ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Nyuma ya redio za Toyota nyingi kuna soketi mbili. Kubwa ina pini 10, inabeba umeme na spika za mbele. Ndogo ina pini 6, ni ya spika za nyuma. Madukani kunauzwa adapta inayochomeka humo bila kukata chochote, na huko Luthuli ulikonunua redio hutaikosa. Upande wa pili wa adapta ndio unaounganishwa na waya za redio mpya. Kazi hiyo ifanyike mezani: kila kiungo kilehemiwe kwa risasi na kuvikwa mpira unaosinyaa kwa moto. Waya zilizosokotwa na kufungwa kwa tepu hazidumu, maana gari likishinda juani gundi inayeyuka na viungo vinabaki uchi.

Sasa hizo rangi. Kwenye redio za kununua, njano ni umeme wa kudumu (upo hata gari likizimwa), nyekundu ni umeme wa ufunguo (huja ufunguo ukizungushwa), nyeusi ni ardhi (upande hasi), na kijivu ni spika ya mbele kulia. Toyota wana mpangilio wao. Kwao, mara nyingi kijivu ndiyo umeme wa ufunguo, ardhi ni kahawia, nyekundu inakwenda spika ya nyuma kulia na nyeusi spika ya nyuma kushoto. Fikiria kijana wako akiunganisha kijivu kwa kijivu: volti 12 zinaingia kwenye tundu la kutolea sauti, na redio mpya inaweza kuungua kabla hujasikia wimbo mmoja. Wala waya hasi za spika zisiunganishwe na bodi ya gari. Kila spika irudi na waya wake mwenyewe hadi kwenye redio.

Hata ukiwa na adapta, mwambie fundi apime kwa mita ya volti. Ufunguo ukiwa umetolewa, volti 12 zionekane kwenye waya wa umeme wa kudumu peke yake. Ufunguo ukifika ACC (hatua ya kuwasha redio bila injini), zionekane pia kwenye ule wa umeme wa ufunguo. Hizo mbili zikibadilishana, redio itasahau saa na stesheni kila ukizima gari. Zikiwekwa zote kwenye umeme wa kudumu, redio hailali, na utakuta betri imekufa asubuhi unapotaka kuwahi shule. Baada ya kupima, terminali hasi ya betri ifunguliwe kwa spana namba 10 kabla ya kuchomeka redio. Soketi za njano atakazokutana nazo kwenye dashibodi ni za airbag, asiziguse.

Kuhusu stesheni, redio yako ya zamani haina kosa. FM ya Japani ilipangwa kuanzia 76 hadi 90 MHz, na yetu ni 87.5 hadi 108, kwa hiyo redio hiyo haiwezi kuifikia Radio Citizen ya 106.7. Magari mengi hufungwa ekspanda, kifaa kinachoshusha masafa ya stesheni, kwenye waya wa antena ili kuziba pengo hilo. Kama yako inayo, itolewe, kwa sababu redio mpya haiihitaji na itakuonyesha stesheni mahali pasipo pake.

Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, na redio nyingi za ukubwa wa kawaida zina kama 178, kwa hiyo nunua fremu ya kuziba pembeni. Vitufe vya usukani navyo vina waya zake. Adapta nyingine huja nazo, nyingine hununuliwa kando, kisha unaifundisha redio kila kitufe kwenye mipangilio. Kamera ya nyuma ndiyo ya kuangalia sana: baadhi ya zile za Toyota zinatumia volti 6, na ukizipa 12 moja kwa moja zinaungua.

Kabla dashibodi haijafungwa, keti ndani ujaribu mwenyewe: spika moja moja, kushoto kwa kulia, mbele kwa nyuma, kisha weka rivasi. Redio ya zamani usimwachie fundi. Ifunge pamoja na skrubu zake uihifadhi, ili siku ya kuuza, mnunuzi akiitaka, irudi kwenye soketi zilezile.