Presha ya mama haitulii: je, mashine ni mbovu?

SWALI: Mama ana miaka 71 na anatumia dawa za presha. Nilimnunulia mashine ya kupimia nyumbani na simu janja yenye programu ya kujaza namba. Akipima anapata 168/94, akirudia muda si mrefu anapata 139/82. Programu nayo imemshinda. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiitupe mashine kwanza. Tofauti ya namna hiyo mara nyingi huletwa na upimaji. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, kisha soma sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda wa mashine. Mikanda mingi ni ya 22 hadi 32. Mkono ukiwa mnene kuliko hapo, namba hupanda kuliko presha halisi, na mama anaweza kuongezewa dawa asizohitaji.

Asinywe chai wala kahawa nusu saa kabla ya kupima. Aende haja ndogo, kisha atulie dakika 5 kwenye kiti cha kuegemea, nyayo zikiwa chini, bila kukunja nne. Kigoda hakifai. Mkanda ukae kwenye ngozi, si juu ya nguo, usawa wa moyo, na mkono ulale mezani. Asiongee, hata na wewe kwenye simu! Apime mara 2 kwa kupishana dakika 1, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, kwa siku 7. Acha namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85 au zaidi, mpelekee daktari namba hizo.

Programu ijaze wewe. Mama apige tu picha ya kioo cha mashine, akutumie kwa WhatsApp. Bando likiisha, aandike daftarini. Kuza maandishi ya simu, iweke WhatsApp ukurasa wa mbele, na wakati wa kumfundisha simu aishike yeye. Betri zikibadilishwa, kagua tarehe na saa ya mashine.

Ikisoma 180/120 au zaidi, apumzike dakika 5 arudie. Isiposhuka, piga simu kituo cha afya siku hiyohiyo. Lakini akiwa na maumivu ya kifua, ulimi mzito au udhaifu wa upande mmoja, msisubiri kurudia kipimo: hospitali mara moja.