Kabla ya kung'oa chipu ya VCA, pima waya unaoiamrisha

Kompresa ya sauti au mikisa ikiletwa ikiwa na sauti inayopanda na kushuka ovyo, fundi anayeanza hukimbilia chuma cha lehemu. Chipu inang'olewa, mpya inaagizwa Nairobi, na ikishafungwa ugonjwa ni ule ule. Kwa mashine nilizofungua hapa Kisumu, nyingi zikiwa za makanisa na za madijei, chipu yenyewe ndiyo huwa ya mwisho kulaumiwa. Anza na waya unaoiamrisha.

VCA ni kikuza sauti kinachoongozwa na volteji: badala ya mkono kuzungusha volyum, volteji ndiyo inayosema sauti ipande au ishuke. Muundo ulioenea sana ni wa David Blackmer, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya vifaa vya sauti ya dbx, alioubuni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Siku hizi utaukuta kwenye chipu za kampuni ya THAT, namba 2180 na 2181. Ndani yake, mkondo wa sauti hugeuzwa kuwa logi (logarithimu ya hesabu), volteji ya amri inajumlishwa hapo, kisha jibu linarudishwa kuwa mkondo wa kawaida. Kujumlisha logi ni kuzidisha, na ndiyo maana kila milivolti 6.1 hubadilisha sauti kwa desibeli moja, iwe unatoka juu au chini.

Shika hiyo 6.1, utaitumia kila siku. Weka mita kwenye mguu wa pili na wa tatu. Wa pili ukipata volteji chanya sauti hupanda; wa tatu ukipata chanya hushuka. Ukikuta wa pili uko kwenye zero na wa tatu una milivolti 61, sauti imepunguzwa desibeli 10, na chipu inatii tu. Sasa fikiria milivolti 6 za mvumo zimepenya humo kwa sababu kapasita za pawa saplai zimekauka. Sauti itatetemeka desibeli nzima. Dalili yake ni mvumo unaosikika wimbo ukipiga na kupotea wimbo ukinyamaza. Mvumo wa kawaida hauna adabu hiyo, huwa upo tu.

Jambo jingine linalowasumbua wageni: wanaweka proba ya osiloskopu kwenye mguu wa kwanza, hawaoni kitu, wanatangaza kwamba sauti haifiki. Chipu hizi hupokea mkondo, si volteji, na mguu huo hukaa karibu na zero daima. Pima upande wa pili wa rezista ya kuingilia, mara nyingi kilo-omu 20. Kwa upande wa kutoka, pima baada ya op-ampu, yaani chipu ya kukuza inayoupokea mkondo na kuugeuza kuwa volteji.

Kurekebisha sasa. 2180 imerekebishwa kiwandani. 2181 inakungoja wewe, na ukiweka mpya ni lazima uirekebishe upya. Washa mashine ikiwa imefunikwa, iache nusu saa ipate joto lake. Ingiza toni ya hezi 1,000 ya volti moja, amri ikiwa desibeli 0. Kama huna mashine ya kupima mkwaruzo wa sauti, kompyuta yenye programu ya kuonyesha spektra inatosha: zungusha trima ya simetri (rezista ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi) polepole huku ukitazama hezi 2,000, mara mbili ya toni yako, ambako mkwaruzo hujitokeza, usimame pale mlima wake unapokuwa mfupi kabisa.

Kuhusu joto, usipuuze. Kiwango cha 6.1 hubadilika takriban asilimia 0.33 kwa kila digrii ya Selsiasi. Sauti iliyopunguzwa desibeli 30 asubuhi itasogea karibu desibeli moja joto ndani ya kasha likiongezeka digrii 10, na chini ya mabati ya Kondele saa nane mchana hiyo si ajabu. Saketi nzuri huwa na rezista maalumu ya kufidia joto. Usiibadilishe kwa rezista ya kawaida.

Chipu nyingine zina tabia zake. SSM2164 ina VCA nne na hutumia milivolti 33 kwa desibeli: zero ni sauti ilivyoingia, ukiongeza volti inashuka. LM13700 ni ukoo tofauti kabisa. Inaongozwa na mkondo, usiozidi miliampea 2, kwa hiyo usiguse waya wa amri bila rezista. Sauti yake ya kuingia lazima ishushwe hadi milivolti chache, la sivyo inakwaruza. Trima yake irekebishe kwa kukata sauti yote na kuchezesha amri juu chini haraka: ukisikia "dup, dup" kwenye spika, zungusha hadi ipungue kabisa.

Ukimaliza, tia tone la rangi ya kucha juu ya trima. Mashine inayorudi Siaya kwa bodaboda inatikiswa vya kutosha kuisogeza.